Ukinyamaza Watadhani Umekasirika: jibu kwa binti wa Tanga anayekwenda kukaa na familia ya Kifaransa

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma Kifaransa, kwetu ni Tanga. Januari nakwenda Tours, Ufaransa, kwa muhula mmoja, na chuo kimenipangia kukaa na familia: mama, baba na kijana wao wa miaka 15. Nina hofu. Mimi ni Mwislamu, sili nguruwe. Nimezoea kuoga mara mbili kwa siku. Kifaransa cha vitabuni nakijua, cha kuongea bado. Wenzangu wananiambia nibadilishe nichukue chumba bwenini. Nitaishi vipi na watu nisiowajua, na niwaite nani?

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la wenzako: usibadilishe. Bwenini utapata uhuru, lakini utapata pia wikiendi ambazo kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi hutasema Kifaransa na mtu yeyote ila mwenye duka la mkate. Nimewaandaa vijana wengi kwa safari kama yako. Waliorudi na ulimi mwepesi ni wale waliokaa mezani na watu. Ungekuwa unakwenda kwa mwaka mzima ningesema kaa na familia miezi mitatu, kisha hamia bwenini. Kwa muhula mmoja, kaa na familia mpaka mwisho.

Wala usidhani utawaingilia watu wasiojua mgeni ni nini. Tours ni mji uliozoea. Institut de Touraine, chuo cha kufundisha wageni Kifaransa, kilianzishwa pale mwaka 1912, na kumpangisha mwanafunzi chumba nyumbani ni jambo la kawaida katika mitaa ile. Wanalipwa, na hakuna ubaya katika hilo. Uliza tu mapema malipo yako yanahusu nini. Mpango wa kawaida, wanaouita demi-pension, ni chai ya asubuhi na chakula cha usiku. Cha mchana unajitegemea. Uliza na kuhusu Jumamosi na Jumapili, maana hapo mikataba hutofautiana.

Sasa kuna jambo moja nataka ulishike kabla sijafika kwenye vyakula na maji. Sisi tumelelewa kwamba mgeni mwenye adabu hasemi sana. Haombi. Akikaribishwa mara ya kwanza anasita, akibembelezwa ndipo anasogea. Akiwa na shida anaimeza, akiamini mwenyeji mwenye macho ataiona. Kule adabu imekaa upande wa pili: mgeni mwema ni yule anayesema mapema anachokula na asichokula, saa atakayorudi, na kilichomshinda kuelewa, ili mwenye nyumba ajipange. Ukinyamaza, hawaoni heshima. Wanaona mtu aliyekasirika, au asiyependa kuwa pale. Karibu kila kisa nilicholetewa baina ya mwanafunzi na familia kilianzia hapo, na changu mwenyewe kimo.

Nilifika Tours nikiwa na umri kama wako. Wiki ya kwanza, asubuhi, mama mwenye nyumba aliniuliza ningerudi saa ngapi. Nilikuwa na darasa la jioni, nikafikiri kwa Kiswahili, saa mbili usiku, nikaitoa hivyo hivyo: deux heures de la nuit. Kwa sikio la Mfaransa hiyo ni saa nane, usiku wa manane. Msichana wa watu, hana hata wiki, anaaga kwamba atarudi usiku wa manane! Mama akanitazama kidogo, akasema d'accord, yaani sawa. Nilipofika saa mbili kamili nikawakuta mezani. Sahani tatu, si nne. Bakuli la supu limebaki na uji mwembamba wa chini. Akasema, "Ah, umesharudi?" Nikaona aibu. Badala ya kusema nina njaa, nikasema bonne nuit, usiku mwema, nikapanda chumbani, nikala biskuti mbili nilizopewa kwenye ndege. Yeye akaamini nimekula huko nilikotoka na kwamba sitaki kukaa nao. Siku mbili tulipishana kwenye ngazi kama wapangaji. Mwalimu wangu ndiye aliyelifumbua. Nikarudi nyumbani, nikachora uso wa saa nyuma ya bahasha, nikamwonyesha mama kwamba kwetu saa ya kwanza ya mchana huanza jua linapochomoza na ya usiku linapotua. Alifuata kidole changu, akahesabu, kisha akaweka kiganja mdomoni. Ilikuwa saa kumi za jioni, si wakati wa kula kwa Mfaransa yeyote, lakini alinyanyuka akapasha supu.

Kwa hiyo fanya zoezi la saa tangu sasa. Wao huandika na mara nyingi hutamka kwa saa 24: 19h30 ni saa moja na nusu usiku, na ukitaka kusema saa mbili usiku sema vingt heures, yaani saa ishirini. Nyumba nyingi hula kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu usiku. Ukichelewa, tuma ujumbe kabla mama hajaanza kupika, kwa sababu kule chakula hupikwa kwa kuhesabu vichwa. Watu wanne, vipande vinne vya samaki. Hakuna sufuria ya kuongezea maji mgeni akitokea. Usipokuja, kipande chako kitalala kwenye sahani kikiwatazama. Ukija na rafiki bila taarifa, mtu atalala na kipande nusu. Hawana uchoyo, ndivyo jiko lao linavyokwenda.

Mezani penyewe kuna neno litakalokulaza njaa usipojihadhari nalo: merci, asante. Mama akikunyooshea bakuli akuongeze viazi, ukajibu "merci" ukitabasamu, umekataa. Bakuli litapita. Hatakubembeleza mara tatu kama shangazi yako, kwa sababu kwake kukubembeleza ni kutokuheshimu neno lako. Ukitaka, sema "oui, je veux bien", ndiyo, nitapenda. Ukishiba, usitafsiri "nimeshiba, nimejaa". Je suis pleine husemwa kwa mnyama mwenye mimba, na kijana wa miaka 15 hatakusamehe mwezi mzima. Sema "j'ai très bien mangé, merci", nimekula vizuri sana, asante, inatosha.

Kuhusu nguruwe, liseme kabla hujapanda ndege, liandike kwenye fomu ya chuo, kisha lirudie kwa mdomo siku ya kwanza. Nguruwe kule hajitokezi kila mara kwa jina lake. Yumo kwenye vipande vidogo viitwavyo lardons, vinavyotiwa kwenye quiche, pai ya mayai, kwenye saladi, hata kwenye dengu. Tours yenyewe inajivunia rillettes, nyama ya nguruwe iliyopikwa taratibu katika mafuta yake mpaka ikachambuka, inapakwa kwenye mkate, na watakuletea kwa mapenzi yote. Mvinyo nao huingia kwenye mchuzi: bœuf bourguignon, ya ng'ombe, na coq au vin, ya kuku, hupikwa kwa mvinyo. Kama unakula nyama ya halali peke yake, sema hivyo, na ujitolee kwenda nao kwenye bucha la halali, Tours yapo. Wengi wakishajua hupika samaki, mayai na mboga bila kulalamika. Wanachoumia nacho ni kugundua wiki ya tatu kwamba umekuwa ukificha nyama chini ya saladi.

Jibini usiikimbie. Baada ya chakula chenyewe na kabla ya kitamu cha mwisho, italetwa kwenye ubao. Tours ni nchi ya mbuzi, na jibini yao ya Sainte-Maure ina umbo la gogo dogo, refu kama kiganja, limepakwa majivu mpaka likawa la kijivu kama jiwe la pwani. Ukilikata ndani ni jeupe pe, na katikati limepita unyasi mmoja, mkavu, unaolishikilia lisivunjike. Kwenye unyasi ule kumechomwa namba ya mtengenezaji. Chomoa unyasi, kata duara jembamba, weka juu ya mkate. Mkate huo, mwanangu, unakaa juu ya meza kando ya sahani yako, si ndani ya sahani, na unamegwa kwa mkono. Ukionja na ukashindwa, sema umeonja na umeshindwa. Hakuna atakayenuna. Ukikataa bila kuonja, hilo ndilo watalikumbuka.

Kisha, kuoga. Najua mtoto wa Tanga asiyeoga jioni halali. Lakini elewa kwanza maji ya moto yanatoka wapi. Nyumba nyingi zina tangi la umeme, wenyewe huliita ballon, la lita 150 au 200 hivi kwa nyumba ya watu wanne. Aghalabu linachemshwa usiku, saa ambazo umeme wao ni wa bei nafuu. Likiisha mchana, limeisha. Atakayefuata ataoga maji ya Januari. Sasa hesabu: bomba la mvua likiachwa wazi dakika kumi hula lita mia na zaidi. Basi mwanafunzi anayeoga dakika ishirini asubuhi na dakika ishirini usiku amewaogea watu wote wa nyumba ile. Mama hatasema siku ya kwanza. Wala ya tatu. Atasema wiki ya pili, na atakuwa ameshakasirika. Mtangulie wewe: "Nyumbani tumezoea kuoga mara mbili. Mimi naweza kuoga saa ngapi?" Atakupangia. Jilowanishe, funga bomba, jisugue, fungua ujisuuze. Dakika nne zinatosha mara mbili kwa siku, na hakuna atakayekununia.

Sakafu ya bafu kule mara nyingi haina tundu la kupitisha maji. Simama ndani ya beseni la kuogea, pazia liwe ndani ya beseni pia. Ukitawadha, miguu ioshee humo humo, si kwenye sinki. Choo mara nyingi kina chumba chake mbali na bafu, na humo hakuna bomba wala kopo, kuna karatasi tu. Nunua chupa ndogo ya plastiki, ijaze kabla ya kuingia, uwe na kitambaa cha kukaushia sakafu. Nimelisema wazi kwa sababu hakuna kijitabu cha chuo kitakachokwambia, na wasichana wengi wameteseka nalo kimya kimya.

Baridi nayo. Kanuni za nishati za Ufaransa zinataja nyuzi 19 kuwa kiwango cha kupasha nyumba joto, na familia nyingi zinakifuata, kwa bili na kwa msimamo. Kwako wewe 19 ni baridi. Usiguse kidhibiti cha joto. Vaa soksi nzito, omba blanketi la pili. Asubuhi utaona wanafungua madirisha dakika chache hata kukiwa na umande wa barafu. Hawakufukuzi, wanabadilisha hewa. Kinachowapata vibaya watoto wetu zaidi ya baridi ni giza. Januari mwanzoni jua halijatoka mpaka karibu saa tatu kasorobo asubuhi, na jioni saa kumi na moja na nusu limeshazama. Wiki mbili za kwanza utajisikia mzito, na utadhani ni familia. Toka nje mchana. Teremka ukingoni mwa mto Loire, tembea, hata nusu saa. Kufikia Machi utakuwa mtu mwingine.

Sala haina tatizo ukishaeleza. Kwenu kibla ni kaskazini, Tours ni kusini mashariki. Watakusaidia hata kutafuta pembe ya chumba. Mtandio unaruhusiwa kwako chuo kikuu. Sheria ya 2004 inayokataza alama za dini inahusu shule za serikali za msingi na sekondari, na ndiyo maana huyo kijana wa nyumba anaweza kukuuliza maswali mengi: shuleni kwake hauoni. Ramadhani miaka hii inaangukia katika muhula wako. Mwishoni mwa Februari jua linazama mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni, hivyo futuru chumbani kwa tende na maji, kisha shuka mle pamoja. Daku iombee nafasi kwenye friji, na ngazi zipande bila viatu.

Uwaite nani? Siku ya kwanza Madame na Monsieur, kwa "vous", ile "wewe" ya heshima. Haichukui muda, mama atakwambia umwite kwa jina lake, pengine na kwa "tu", "wewe" ya Kifaransa ya watu waliozoeana. Najua kumwita mtu wa rika la mama yako kwa jina kavu kunakwaruza koo. Nami nilikwaruzika. Kuna njia ya kati inayokubalika: jina lake, pamoja na vous. Usimwite maman, hilo ni la mwanawe. Kijana mwambie "tu" ya Kifaransa tangu dakika ya kwanza. Shikamoo hawana, lakini bonjour yao ina uzito uleule. Asubuhi uwasalimu mmoja mmoja, na dukani itangulie kabla ya kuomba chochote. Mlango wa chumba uliofungwa si kisirani. Gonga, subiri ujibiwe, ndiyo hodi yao. Na pole, neno letu tamu, halina mwenzake. Mama akijikata kidole ukasema "désolée", samahani, atakushangaa: "Kwani ni wewe?" Muulize ça va, uko sawa, msaidie kutafuta plasta. Akiwa anakwenda kazini amechoka, mwambie bon courage. Katika Kifaransa chote sijapata kilicho karibu zaidi na "pole na kazi".

Chakula cha usiku ndicho darasa lako halisi. Saa nzima, pengine na zaidi, na watu hao hawali kimya. Watabishana juu ya mgomo, juu ya bei ya petroli, baba na kijana watakatana maneno, na wewe utadhani kuna ugomvi. Hakuna. Kubishana mezani kwao ni kuzungumza. Usingoje wanyamaze ndipo useme, maana hawatanyamaza. Nenda mezani kila usiku na kisa kimoja cha siku hiyo, sentensi tatu ulizoziandaa kwenye tramu: mlichosoma, ulichokiona sokoni Les Halles, mtu aliyekuuliza njia. Sentensi tatu zitazaa swali, swali litakulazimisha kutoa ya nne ambayo hukuiandaa, na hiyo ya nne ndiyo Kifaransa. Omba wakusahihishe. Usipoomba hawatakusahihisha, wataona ni utovu wa adabu.

Sikufichi, wapo wenyeji wabaya. Nimepata mwanafunzi aliyekuwa akiwekewa sahani yake peke yake jikoni wenyewe wakila sebuleni, na mwingine aliyekuwa akisikia dhihaka juu ya rangi yake kila chakula. Tofautisha ujinga na dharau. Anayekuuliza kama Tanzania kuna baridi, au kama unaishi karibu na simba, mjibu kwa upole, hajui. Anayekudharau, usimvumilie ili uonekane una adabu. Nenda ofisi ya makazi ya chuo ndani ya wiki mbili za kwanza, ukiwa na mambo mahususi na tarehe zake: nimewekewa hiki, siku hii, nimeambiwa hivi. Kubadilishiwa familia hutokea, na ukiwahi kusema ni rahisi zaidi. Mama yako Tanga umwambie pia, lakini asiwe mtu wa kwanza kujua. Yeye atalia tu, hawezi kukuhamisha.

Machache ya haraka. Kama viza yako ni ile inayogeuka kibali cha kuishi, ithibitishe mtandaoni ndani ya miezi 3 tangu ufike. Mwombe mama akuandikie attestation d'hébergement, hati ya kwamba unaishi kwake. Utaidaiwa benki na kwingineko. Namba ya dharura ni 112, ya ugonjwa wa ghafla ni 15. Jumapili maduka mengi yamefungwa na mabasi ni ya kuhesabu. Taka zinatenganishwa, na tangu Januari 2024 hata maganda ya chakula yana mahali pake. Muulize kijana, atafurahi kukufundisha kitu.

Zawadi: karafuu, kahawa, viungo vya chai. Samli, maziwa na nyama usibebe, forodha ya Umoja wa Ulaya hairuhusu. Mpelekee mama khanga, uichague kwa maneno yake. Mimi nilipeleka yenye "Wema hauozi". Aliitandaza mezani, akaweka kidole kwenye herufi, akauliza zinasema nini. Nilihangaika na ile "hauozi" robo saa, nikaonyesha ndizi iliyoiva kupita kiasi, nikakataa kwa kichwa, mpaka akaelewa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya kwanza ya kweli kwa Kifaransa.

Sasa chukua kalamu, uwaandikie wiki hii. Barua fupi: wewe ni nani, unasoma nini, huli nguruwe na hunywi pombe, unasali, unapenda kupika na ungependa siku moja kuwapikia pilau. Usiache kuandika saa ya kufika na kituo. TGV nyingi, treni za mwendo kasi, haziingii katikati ya Tours. Zinasimama Saint-Pierre-des-Corps, kisha kuna treni ya dakika tano hivi. Waulize watakungoja kituo kipi kati ya hivyo viwili, na saa iandike kwa tarakimu, kama ilivyo kwenye tiketi: 19h40.